Beji ya Watu Sita

Beji nyingine zote mtu alizipata peke yake. Ya upishi ulipika uji na mayai mbele ya mkaguzi, ukapewa. Ya huduma ya kwanza ulimfunga mwenzako bendeji kichwani mpaka akashindwa kuona, ukapewa. Mimi nilikuwa nazo saba kwenye mkono wa shati nilipoingia darasa la saba, na sitajifanya mnyenyekevu leo: niliringa nazo kupita kiasi. Siku ambazo kikosi chetu cha skauti kilikwenda kanisani kwa gwaride nilikaa ukingoni mwa benchi, upande wa njia, ili kila aendaye kutoa sadaka azione.

Lakini kulikuwa na moja ambayo haikupatikana kwa ujanja wa mtu mmoja. Ilikuwa utepe wa kijani, mwembamba, urefu wa kidole, unaoshonwa juu ya mfuko wa shati. Ulipewa kundi zima la watu sita au haukupewa mtu. Kundi kama hilo tuliliita patroli. Watu wale sita walitakiwa kujenga daraja la miti na kamba linaloweza kuvusha watu, kufanya kazi ya kujitolea mtaani Jumamosi nane, na kumalizia na matembezi ya siku nzima mbele ya mkaguzi. Majina yote sita yaliandikwa kwenye kadi moja kwa mkono wa kiongozi wa patroli, na kila Jumamosi kiongozi alitia alama mbele ya jina la aliyefika. Mtu akikosa mara mbili, basi ama wote sita waanze upya kuanzia Jumamosi ya kwanza, ama kiongozi akate jina lake na kuandika la mtu wa akiba. Tangu nijiunge na kikosi, sikuwahi kuona patroli iliyoupata utepe ule. Zote zilikwama njiani kwa sababu ya mtu mmoja aliyepelekwa mashambani au aliyechoka.

Kiongozi wa patroli yetu nilikuwa mimi.

Tulikutana Jumamosi asubuhi kwenye uwanja ulio nyuma ya ukumbi wa mtaa, katika mtaa mmoja wa nyumba za baraza la jiji, si mbali na Barabara ya Jogoo. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Familia nyingi zilikaa chumba kimoja, wenye bahati viwili, na mfereji wa maji ulikuwa wa watu wote. Baba yangu alichonga twiga na vifaru vya kuuziwa watalii, katika kibanda kule Gikomba, na nyumba yetu ilijaa vumbi la mti hata ndani ya sukari. Mkuu wa kikosi alikuwa karani, Mkamba mwenzetu, mtu mwembamba aliyevaa tai wiki nzima na Jumamosi akavaa kaptura, watoto wadogo wakamfuata nyuma wakimcheka magoti. Tulimwita Mwalimu ingawa hakufundisha shule yoyote. Kila mkutano alitukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na alitukumbusha mara nyingi mno hata tukawa tunaimalizia methali yenyewe kabla yeye hajafika kwenye chawa.

Msaidizi wangu katika patroli alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Watu wao walikuwa wametoka magharibi, upande wa ziwa. Baba yake alisimamia mashine katika kiwanda kimoja pale Industrial Area, na mama yake alikaanga samaki jioni kwenye kona ya soko. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mwepesi wa kucheka mizaha yake mwenyewe kabla hajaimaliza. Macho yake yalikuwa na rangi ya manjano kidogo, na sisi kwa ukatili wetu wa kawaida tulimwita Embe. Hakujali. Kwenye kamba hakuwa na mpinzani. Mafundo ambayo mimi niliyasoma mara kumi kwenye kitabu na bado yakafunguka, yeye aliyafunga huku akiangalia mpira uwanjani. Daraja letu lilikuwa kichwani mwake kabla halijasimama juu ya mtaro. Sisi watano tulishika miti pale alipotuambia tuishike. Siku ya ukaguzi Mwalimu alipita juu yake, akaruka ruka katikati, halafu akawaita akina mama waliokuwa wakifua pale kwenye mfereji waje wapite nao. Walipita watatu, mmoja na mtoto mgongoni. Tukapata alama ya kwanza kwenye kadi.

Jambo moja tu hakuliweza, nalo ni kutembea haraka. Alichoka kwa namna ambayo hatukuielewa. Kikosi chetu kilikuwa na sheria ya njiani: mwenye mguu mzito hutembea mbele. Mwepesi akitangulia, alituambia Mwalimu, patroli inakatika vipande viwili, na kiongozi hajui cha nyuma kimepatwa na nini. Kwa hiyo kila mara tulipofanya mazoezi, msaidizi wangu alitangulia na sisi tukajikokota nyuma yake huku tukimtania.

"Wewe Embe, tutafika mwaka gani?"

"Mwenda pole hajikwai," alisema bila kugeuka.

Siku moja ya mazoezi tulipita Dandora tukiielekea Njiru, na zamani zile njia hiyo ilikuwa vumbi na ng'ombe tu. Alikaa ghafla kando ya barabara. Niliwaambia wenzetu wakatafute kuni, nikakaa naye. Alikuwa ameshika mapaja kwa mikono miwili na jasho linamtoka.

"Ni mifupa," akaniambia. "Si ya leo. Huwa inaniuma hivi tangu nikiwa mtoi. Ikikuja sana napelekwa hosi, natundikiwa maji."

"Ni nini hiyo?"

"Damu. Daktari alisema damu yangu ni mbaya. Siste yangu mkubwa pia alikuwa nayo."

Dada huyo nilikuwa sijawahi kumsikia. Akanieleza kwamba alikufa huko nyumbani kabla familia haijaja Nairobi, na kwamba majirani wa huko walisema mama yake anakula watoto wake. Ndiyo sababu mama alikataza ugonjwa usitajwe mtaani. Mtu akiuliza ni malaria. Akaniapisha. Tuliinua vidole vitatu, kiapo cha skauti, pale pale kwenye vumbi, na wenzetu waliporudi na kuni tukawaambia kwamba alikuwa ametoa mwiba.

Nilijivunia siri ile. Sikuwahi kuaminiwa na mtu jambo zito namna ile, na kwa wiki kadhaa nilikuwa mpole kwake hata yeye mwenyewe akaudhika.

Sasa ni lazima niseme jinsi nilivyoutaka utepe. Mwakani ningekwenda sekondari ya bweni, na patroli ingepata kiongozi mwingine. Muhula wa mwisho wote ulikuwa wa kujiandaa kwa mtihani, hapakuwa na skauti. Kama tusingemaliza kabla ya likizo ya Agosti, basi mimi singeupata kamwe. Baba, ambaye aliziona beji zangu kama mapambo ya mtoto, alikuwa amesikia habari za utepe kutoka kwa Mwalimu, wakaongea kwa Kikamba nje ya kanisa, na jioni ile akaniuliza, "Ni kweli hakuna aliyeupata?" Aliniuliza akiwa ameacha kusugua mti. Jambo hilo lilitosha kunichanganya akili. Nilianza kulala nikizihesabu Jumamosi.

Kazi tuliyochagua ilikuwa kuzibua mitaro ya maji machafu kutoka nyuma ya ukumbi hadi zahanati. Tulianza Juni, tukaingia Julai, na anayeijua Nairobi anaijua Julai. Ukungu haukuondoka hadi saa nne. Tulisimama ndani ya mtaro na maji yakitufika kwenye vifundo, tukazoa matope kwa koleo na makopo ya mafuta ya Kimbo. Kila Jumamosi alikuja pia mtu wetu wa akiba, mtoto wa dereva, mwenye nguvu, asiyesema sana, naye alitiwa alama zake chini ya kadi.

Jumamosi ya tatu msaidizi wangu hakuja. Dada yake mdogo alikuja kutuambia ana malaria. Nilimwangalia yule mtoto, naye akaangalia miguu yake. Nikaacha nafasi ya alama wazi.

Ya nne alikuja. Ya tano alikuja pia, lakini nilimwona akipandisha mguu mmoja nje ya maji, halafu mwingine, kama kuku penye baridi.

"Hii maji inaingia mpaka kwa mifupa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Si nikae hapa juu, nivute matope na jembe?"

Wengine walikuwa wakisikiliza. Mmoja wao alikuwa amekwisha kunung'unika kwamba msaidizi ni rafiki wa kiongozi ndiyo maana anadekezwa. Nami nikasema, kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "Kwani wewe ni cucu? Chota!"

Walicheka kumsikia akiitwa bibi kizee. Akachota. Alichota hadi tulipomaliza, kisha akaenda nyumbani bila kunawa miguu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimesema maneno mengi mabaya, kwa mke, kwa watoto, kwa watu wa kazini. Hakuna ninalolisikia masikioni kama hilo.

Jumamosi ya sita hakuja, wala hakuja mtu kutuambia lolote.

Mwalimu alifika na baiskeli yake, akaomba kadi. Aliitazama, akaona ile nafasi wazi ya Jumamosi ya tatu, akanitoa pembeni kwenye ukuta wa ukumbi.

"Kijana yuko wapi?"

"Hajafika, Mwalimu."

"Ni mgonjwa?" Akanitazama vizuri. "Kama ni mgonjwa ni jambo lingine. Sheria inaniruhusu. Nitaandika barua, tutamngoja hata mpaka Desemba."

Desemba. Nililisikia neno hilo tu katika yote aliyoyasema. Desemba mimi nitakuwa nimeshavua skafu.

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

"Hujui? Si mnakaa jirani?"

"Sijui."

Nilikuwa na kiapo. Vidole vitatu kwenye vumbi la Njiru. Nilijiambia hivyo wakati ule ule, maneno yakiwa bado mdomoni: kwamba ninatunza siri ya rafiki yangu. Ukweli ni kwamba ningeweza kumnong'oneza Mwalimu neno moja, ndiyo, ni mgonjwa, na asingeuliza la pili, maana hakuwa mtu wa kuchimba. Siri ya rafiki yangu niliigeuza ukuta, nikajificha nyuma yake.

Mwalimu alishusha pumzi. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akanipa. "Kadi ni yako. Wewe ndiwe uliyeandika, wewe ndiwe utakayekata au usikate. Mkitaka kuanza upya, anzeni upya. Sitakulaumu."

Niliirudisha kadi pale penye wenzangu, nikaiweka juu ya goti, nikakata jina lake. Mstari ulipinda kidogo kwa sababu mikono ilikuwa na baridi. Chini yake nikaandika jina la mtoto wa dereva. Tukaingia mtaroni.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, sare imepigwa pasi, skafu shingoni, anachechemea kidogo. Midomo ilikuwa imepauka. Alinyoosha mkono wa kushoto tusalimiane kiskauti, na mimi kabla ya kuupokea nikamwambia. Sikuweza kungoja.

"Umetolewa kwa kadi."

Mkono wake ulibaki pale pale. "Nani amenitoa?"

"Mwalimu," nikasema.

Alifikiri kidogo. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa nimeandaa hasira yangu ya kumjibu. Badala yake akauliza, "Hukumwambia ile maneno?"

"Si uliniapisha."

"Eeh," akasema. "Ni kweli." Na akanishukuru. Naapa alinishukuru, akanipiga bega, akasema, "Wewe ni mtu." Halafu akatwaa koleo lililokuwa halina mwenyewe, akashuka mtaroni pamoja nasi, na akafanya kazi hadi mwisho ingawa hapakuwa na mahali popote pa kumtilia alama. Jumamosi ya nane alikuja vilevile. Niliona haya hata nikamkasirikia. Kila nilipoinua macho alikuwapo.

Siku ya matembezi alitusindikiza hadi barabara ya Outer Ring, pale ambapo ng'ambo ya pili palikuwa bado shamba, kabla nyumba za Donholm hazijajaa. Mkaguzi, mzee mgeni kwetu, alikuwa ameshatangulia na gari. Msaidizi wangu alikagua kamba za mizigo ya kila mmoja wetu, akafunga upya mbili. Akasimama kando ya barabara akatupungia. Mtoto wa dereva alitembea vizuri, wote tulitembea vizuri. Sikuwa na wa kumweka mbele kwa sababu hakukuwa na mwenye mguu mzito. Tulifika mapema kuliko ilivyotarajiwa na mkaguzi akatusifu kwa mwendo wetu. Nilisimama pale nikisifiwa, nikaona sina furaha yoyote, nikadhani ni uchovu.

Utepe tulipewa Ijumaa ya mwisho kabla shule hazijafungwa. Baba aliutazama juu ya mfuko wangu, akaupapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa mti aliokwisha kuusugua, akasema, "Haya." Kwake hilo lilikuwa neno refu.

Wiki ya pili ya Agosti msaidizi wangu alipelekwa hospitali usiku, sisi tukiwa tumelala. Mama yangu alikwenda kumwona siku ya tatu, akarudi akasema ana maumivu mabaya ya kifua na hawezi kuongea. Mimi nilisema nitakwenda Jumapili. Alifariki Jumamosi.

Mwili ulipelekwa nyumbani kwao kuzikwa. Asubuhi ya kuondoka, Mwalimu alitupanga patroli nzima kwenye mistari miwili, kutoka mlango wa nyumba yao hadi kwenye gari, na sanduku likapita kati yetu tukipiga saluti. Nililia, sote tulilia, hata mtoto wa dereva aliyekuwa hamjui sana. Wanawake wa kanisa lao waliimba kwa lugha yao. Mama yake alikuja nyuma ya sanduku akishikwa mikono na watu wawili. Aliponifikia alisimama, na wale waliomshika wakalazimika kusimama naye. Alikuwa anatazama kifua changu. Akamtazama na aliyefuata, na wa ng'ambo.

"Hii kitu ya kijani," akasema. "Aliniambia mmepata wote. Aliniambia mmepita, nyinyi wote sita. Yake iko wapi? Nataka azikwe nayo."

Hilo nilikuwa silijui. Kumbe alikuwa amekwenda nyumbani akasema wamepita.

Watu wote walikuwa wakiningoja mimi nijibu. Ningeweza kuung'oa wangu. Nyuzi zilikuwa za mama yangu, nyembamba, zingekatika kwa meno. Nilifikiri hilo, na nikaona baba yangu amesimama kule nyuma ya umati, na nikasema, "Ya kwake bado haijaletwa, mama. Inakuja."

"Inakuja?"

"Inakuja."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari yake.

Nilikwenda shule ya bweni Januari. Niliporudi Aprili, jioni ya kwanza mama alinituma samaki, na kona ya samaki ilikuwa moja. Mama wa msaidizi wangu alikuwa amekaa nyuma ya karai lake, amekonda. Alinikaribisha kwa furaha, akanichagulia samaki mzuri, akamfunga kwenye gazeti. Kisha akainama kidogo mbele.

"Ile beji haijafika?"

"Bado, mama."

"Haya. Ikifika utaniletea."

Agosti akaniuliza. Desemba akaniuliza. Alikuwa haulizi mbele ya wateja. Alingoja hadi tubaki wawili, na aliuliza kwa upole kama mtu anayeulizia barua. Mimi nilijibu bado. Niliwahi kusema ofisi imehama. Niliwahi kusema kitambaa cha kijani kimekwisha, wanangoja kingine kutoka Ulaya. Ilipofika kidato cha tatu nilikuwa nimejifunza njia ya kupita nyuma ya zahanati ili nisifike kwenye kona ile. Mama yangu alishangaa kwa nini nimechukia samaki.

Likizo moja niliutoa utepe kwenye shati, nikautia mfukoni, nikaenda. Nilikuwa nimekusudia kumwambia tu, huu hapa, umefika. Lakini utepe ule ulikuwa umepauka kwa kufuliwa, na una vitundu vya sindano pande zote. Ungemdanganya nani? Nilikula samaki pale pale nikiwa nimesimama. Akaniuliza, nikajibu bado, nikarudi nao nyumbani.

Nikamaliza shule. Nikapata kazi ya stoo kwenye kiwanda, nikahamia chumba changu mwenyewe Kariobangi, juu ya mafundi wa mabati waliogonga nyundo kutwa. Miaka ya themanini ikaingia. Nilikuwa mtu mzima mwenye masharubu, na mwanamke yule, nilipokwenda kuwaona wazazi wangu na kwa bahati mbaya nikakutana naye, alinishika mkono na kuniuliza ile beji ya mwanawe. Wakati mwingine nilidhani huzuni imemharibu akili. Nasikitika kusema kwamba dhana hiyo ilinipa nafuu.

Kisha mumewe akastaafu kiwandani, na nikasikia kutoka kwa mama kwamba wanarudi nyumbani kabisa. Nilikwenda alasiri ya siku ya kuhama. Lori lilikuwa nje, mzee yuko na wapakiaji, na mama yule alikuwa ndani peke yake, anafunga masufuria kwenye shuka. Chumba kilikuwa kitupu, alama za vitanda zimebaki ukutani. Alinivutia stuli. Nikakaa, na kabla hajaniuliza nikasema.

"Mama, ile beji haiji. Haikuwahi kuwa njiani. Mimi nilimtoa kwenye kadi. Mwalimu aliniuliza kama ni mgonjwa, nikasema sijui, na nilikuwa najua. Alikuwa ameniambia. Niliitaka ile kitu, mama, sikutaka kungoja."

Aliendelea kufunga fundo mpaka likakaza.

"Najua," akasema.

Sikuelewa.

"Mwalimu wenu alikuja hapa tuliporudi kutoka kuzika. Alikaa hapo umekaa. Akalia, mtu mzima. Akasema mama, kama ningejua kijana ni mgonjwa, ningengoja. Nikamwambia asijilaumu. Si ni mimi nilikataza isisemwe? Hata wewe, nyathina, nilijua umekatazwa." Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yao.

Nilihesabu. Ilikuwa ni miaka tisa. "Sasa mbona ulikuwa unaniuliza?"

Alinitazama kana kwamba swali lenyewe ni la mtoto.

"Ningemuuliza nani? Baba yake hataki atajwe kwa hii nyumba. Dada yake alikuwa mdogo, hamkumbuki vizuri. Majirani wananipita hapo kwa kona, ni mambo ya mvua, mambo ya barabara, wanaogopa kunitajia. Wewe nikikuuliza, nilikuwa naona uso yako inabadilika. Nikajua kuna mtu mwingine bado anamuona." Akavuta shuka, akakunja pembe zake. "Na ukisema bado, kidogo ilikuwa kama kuna kitu chake bado iko njiani. Nilijua haiko. Lakini nilipenda kusikia."

Nilishindwa kuinua kichwa. Nilimwomba msamaha, kwa maneno mengi, na akanipokea maneno yote, akasema alishanisamehe tangu nikiwa kijana wa kaptura.

"Sasa umesema," akaniambia. "Ni vizuri. Lakini sina tena cha kukuuliza."

Hakulisema kwa hasira. Nilitamani ningerudisha dakika tano nyuma, nikae juu ya stuli ile, aniulize, nimjibu bado. Kukiri kwangu kulinipa mimi pumzi, na yeye kulimnyang'anya kile kidogo alichokuwa nacho.

Akaniomba nimshikie ncha ya kamba. Tukafunga masufuria, tukayatoa nje, mimi na yeye tukasimama kando ya lori tukingoja mzee amalize na wapakiaji. Mmoja wetu alitakiwa kusema kitu. Nikamuuliza kama barabara ya kwenda kwao imeharibika na mvua. Akasema imeharibika kidogo, lakini watafika.